Fungua Kikwembe Kwenye Kiti ya Yaya Salima

Riziki, binti yangu,

Dada yangu mukubwa, Yaya Salima, ni mbuzi ya kupeleka soko, mpaka mumufunge? Usijibu. Papa Rashidi amefika hapa Kisangani jana toka kwetu Ubundu na baiskeli yake ya mizigo, ameniambia yote. Mpaka leo munaweka Yaya Salima kwenye kiti asubuhi, munamuzungusha kikwembe, nguo ya mutu kuvaa, tumboni, munafunga nyuma, mpaka jua inaingia. Mwezi ya tatu hii! Na wewe unapita pale na sufuria yako, unaona sawa tu?

Bon. Salamu. Uko muzima? Watoto walikuwa wanakohoa, wamepona? Paa ya jiko, mujomba wako Tonton Issa ameifunika, ao bado anasema kesho? Mimi niko. Kwa kaka yako Idi ninakula vizuri, ijapo bibi yake anatia chumvi kama mutu anaogopa.

Sasa sikia. Unajua nilikuja huku juu ya kuanguka anguka. Idi alinipeleka kwa mutoto mwanamuke mumoja, Charline, mufundi wa mazoezi ya viungo. Sisi wazee nane tunasimama kwenye kiwanja yake bila viatu, tunafanya kitu ya Wachina, inaitwa tai chi. Unainua mikono pole pole, unahamisha uzito kwa muguu moja, unangoja, ndipo ingine inatoka. Siku ya kwanza nilimuambia, "Mwanangu, nimezaa watoto saba, wewe utanifundisha kutembea?"

Akasema, "Koko," ndivyo wanaita wazee huku, "kutembea unajua. Kusimama ndiyo umesahau."

Nilitaka kumupiga kofi. Muzee mumoja wa Yanonge nyuma yangu akacheka, akapepesuka, akakaa chini puu! Nikamuambia, "Cheka sasa, papa."

Lakini mimi pia sikuweza. Charline anasema, "Shingo juu, macho mbele, magoti laini," mimi ninatetemeka tu, ninaangalia vidole vya miguu. Mwezi muzima. Siku moja hasira ikanishika. Nikachukua basani ya kunawia, maji nusu, nikaitia kichwani.

"Koko, utajivunja!"

Nikahamisha muguu. Nikangoja. Nikahamisha ingine. Hata tone haikumwangika. Charline akashika kinywa. "Alors, koko, ni hii nilikuwa ninatafuta kukuambia!" Riziki, sisi wanawake wa Ubundu tunajua hii kazi toka utoto. Tunaiacha siku wajukuu wanaanza kutubebea maji.

Tokea pale sijaanguka. Basi nikamuuliza juu ya Yaya: mutu aliyeanguka, si akae? Akauliza kama mufupa ilivunjika. Nikasema hapana, muganga aliangalia, hakuna. Akanipeleka kwa mama mumoja aliyekaa mwaka muzima, akasema nishike paja yake. Ilikuwa kama mukono ya mutoto. Yule mama alikuwa anauza samaki, anatembea soko zote. Sasa hata mukimushika wawili, hasimami. Nikavuta mukono yangu. Charline akasema, "Yaya wako bado kuna njia. Lakini kila wiki kwenye kiti, miguu inasahau."

Sijalala vizuri. Neno hii inanichoma, ninaiandika mara moja. Ile fundo ya kwanza ni yangu. Siku ya kuondoka mimi mwenyewe nilifunga Yaya, nikakuambia: asiinuke mpaka nirudi. Niliogopa ataanguka tena, atakufa mimi niko mbali. Wewe ulitii. Lakini uko na macho! Uliona miguu inakonda, ukanyamaza juu mama alisema. Mama alikosa. Umesoma? Sitaiandika mara ya pili.

Salimia mume wako, Tonton Issa na paa yake, na jirani yetu muuza mukate, mwambie deni ya maneno aliyosema juu yangu ninaikumbuka. Watoto uwashike kichwa kwa mimi. Yaya Salima umusomee hii barua yote, hata pale nilipokosa. Akinitukana, mwache atukane, yuko na haki.

Mama yako, Aziza, kwa mukono yangu mwenyewe.

Kesho, mbele ya kunywa chai, fungua ile kikwembe. Sukuma kiti kwenye ukuta, isiteleze. Wewe simama mbele, Issa pembeni, mikono karibu lakini musimuvute. Asimame, apumue mara tatu, akae. Apumzike, arudie. Saa sita tena, magaribi tena, kila siku. Kichwa ikimuzunguka, akae kwanza. Akiomba basani, bado: ya basani nitakuja kumuonyesha mimi. Na kikwembe uifue, umupe Papa Rashidi aniletee. Asirudi hapa bila hiyo.