Bunduki ya Kazungu Imo Kabatini Mwako

Ndugu yangu Bakari,

Dua zangu hukufikia kila Ijumaa pale kaburini. Haya ya leo ni ya duka letu la bunduki, na sikuzoea kuyazungumza mbele ya watu, kwa hiyo nayaandika.

Tangu ulipotutoka, risasi zimeadimika. Mwagizaji wetu wa Mombasa, kila nikimpigia simu, hujibu kwamba mzigo haujafika, kisha huniuliza kama Malindi kuna mvua. Mara ya mwisho alituletea chache mno, nikawagawia wateja wetu wa siku zote kama tende za futari. Zilipokwisha, ilibidi tuishi kwa njia nyingine. Mkeo, Bi Zuhura, anauza tochi, makufuli na mikanda ya ngozi. Mimi nakaa nyuma na mafuta na vitambaa, nikisafisha bunduki za watu, kwa kuwa chumvi ya pwani hula chuma, bunduki iwe na risasi au isiwe nazo. Wateja wanatucheka. Mmoja aliyaona makufuli, akauliza, "Kwani siku hizi mwizi hapigwi, anafungiwa?"

Unamkumbuka Kazungu, mkulima wa mananasi kule Marafa, mwenye bunduki ya marisau ya kufukuzia nyani. Mwanzoni alikuja na mzaha wake: "Mwalimu, nyani wangu wameshajua kwamba duka lenu halina kitu. Nikiinua bunduki wanakaa chini wananitazama, kama waliokata tiketi."

Kisha siku moja alikuja bila mzaha. Hakuniamkia, yeye ambaye shikamoo yake huanzia mlangoni. Vifungo vya shati vilikuwa vimepishana. "Nipe risasi," alisema. "Hata mbili." Nyani huja kundi zima, Bakari, hakuna anayewanunulia risasi mbili. Nilimwambia sina, na kweli sikuwa nazo. Akatoka. Nilishukuru kwamba rafu ilikuwa tupu, na shukrani ile haikunipendeza.

Baadaye jirani yake alinieleza. Mtoto wa nduguye amesogeza mpaka wa shamba, maneno yamekuwa makali, na mpimaji wa ardhi anangojwa kutoka Kilifi.

Hapo ndipo nilipokuelewa. Miaka yote mimi nilisoma vibali, nawe ulisoma nyuso. Mteja akija amefura, ulimtilia kahawa kutoka kwenye dele lako la shaba, na hukumhudumia mpaka aimalize. Kisha ulimwambia, "Niachie hii bunduki niisafishe." Kazi ya saa moja uliiweka mwezi mzima, nami nilikukaripia mbele ya watu kwa uvivu. Ulicheka tu: "Usafi hautaki pupa, Mwalimu." Ungenieleza, Bakari. Hata mara moja. Ungenieleza.

Miezi hii yote rafu tupu imenifanyia kazi yako. Sikulazimika kumkatalia mtu. Lakini juzi mzigo uliwasili, na leo asubuhi Kazungu naye akafika, bunduki begani ndani ya mfuko wake, kibali mkononi. Nilikisoma. Hakina kasoro.

Nilimtilia kahawa, akaikataa. Nikamwambia, "Kaa." Akakaa. Hila zako mimi siziwezi, kwa hiyo nilimwambia wazi: "Risasi ninazo. Wewe sikuuzii mpaka mpimaji aje. Na hiyo bunduki niachie."

Akasimama. "Mwalimu, nakuheshimu, lakini duka hili ni la Bakari. Bakari hakuninyima hata siku moja."

Bi Zuhura alikuwa akifuta makufuli. Hakuinua kichwa. "Alikunyima ulipogombana na shemejiyo," alisema. "Wewe ulidhani anaisafisha."

Kazungu aligeuka kumtazama. Kisha akakaa tena, akaweka mfuko juu ya kaunta, akakichukua kikombe. "Imepoa," alilalamika. Bi Zuhura akamtilia nyingine.

Alipofika mlangoni, mikono mitupu, aligeuka. "Na nyani je?"

"Wapigie debe tupu, wakimbie."

"Watanicheka, Mwalimu."

"Waache wakucheke."

Nimekaa kitini pako kuandika haya. Hapa nyuma ni kimya, na harufu ya mafuta yako haijatoka ukutani. Sikujua kwamba kazi yako ilikuwa nzito hivi.

Lala salama, ndugu yangu. Bunduki ya Kazungu imo kabatini mwako, na ufunguo ninao mimi. Nimekwisha kuifungua na kuitazama ndani: ni safi kabisa, haina hata doa. Nakuahidi kwamba nitaisafisha polepole, hadi siku utakapopimwa mpaka wao, na atakayeniita mvivu, na aniite.

Rafiki yako,
Mwalimu