Chai ya Wifi, Sufuria za Gentille

Jumatatu, tarehe 7 mwezi wa nane

Leo nesi kanifokea. Kasikiliza kifua mbele, kasikiliza nyuma, kisha akauliza kila siku ninapika nini. Mandazi, nikamwambia. Kwenye kuni? Kwenye kuni. Akasema niache moto kabla kifua hakijaniacha mimi. Macho nayo ni mekundu mwaka mzima, wapita njia wanadhani nakunywa lutuku, ile pombe kali. Afadhali ningekuwa nakunywa, ningepata na raha yake.

Sasa nitafanya nini? Bienfait bado ananyonya. Kwenda kulima Mboko na mtoto mgongoni na kifua hiki, hapana. Inatakiwa kazi ya kufanya nyumbani, isiyo na moshi. Casimir yuko Misisi anachimba dhahabu — anaitafuta, tuseme. Tangu mwezi wa sita sijasikia sauti yake. Wanasema huko mtandao mpaka upande mlima, na mume wangu milima haipendi. Najiambia ni hilo tu.

Jumatano, tarehe 9

Habari za kifua changu zimeuzunguka mji kabla sijameza kidonge cha pili. Asubuhi kaja wifi Émilienne, dada yake Casimir, na mkoba unaong'aa. Ndani ya mkoba, chai. Si chai ya kushushia mandazi — chai ya kupunguza tumbo! Kampuni inaitwa Maisha Mepesi. Makao yake ni wapi? Kila nikiuliza anataja mji mwingine. Unauza ukiwa umekaa nyumbani kwako. Halafu unaingiza watu chini yako, nao wanaingiza wengine chini yao, na wewe unatulia juu kama kuku anayeatamia.

Nikamwambia: wifi, hapa Baraka mtu akipungua tumbo wanamuuliza bwana amehama lini. Nani atanunua?

"Babibi ya bachef," akasema. "Na bale ba mashirika. Bale njo iko na tumbo ya kupunguza."

Hapo hakukosea, wake za wakubwa na watu wa mashirika matumbo wanayo. Lakini hao vitu vyao wanaagiza Bujumbura.

Anataka awe marraine wangu, yaani mama wa ubatizo kabisa, ila maji yake ni ya chai. Huyu huyu aliyekula harusi yangu akatangaza kwamba nyama ni ngumu. Lakini pia ni huyu huyu aliyelala na mimi hospitali Bienfait alipozaliwa, akafua matambara yote bila kukunja pua. Mtu wa namna hiyo humwambii hapana hivi hivi.

Alhamisi, tarehe 10

Kumbe Gentille naye!

Jirani yangu, ukuta kwa ukuta. Kwenye kwaya tunasimama pamoja sauti ya pili, mimi siku hizi nakohoa sauti ya pili. Ameingia kampuni ya sufuria, Jiko la Malkia. Sufuria nzito, kifuniko kinabana, maharagi yanaiva kwa vijiti viwili na moshi hakuna. Akaigonga kwa kijiko nisikie inavyolia. Ililia vizuri, sikatai.

Tatizo: sufuria moja ni bei ya mbuzi.

"Mbuzi unakula siku moja inaisha," Gentille akasema. "Sufuria itazika mpaka bajukuu yako."

Nikamwambia mbuzi anazaa, sufuria haijawahi. Akaigonga sufuria tena. Nadhani swali hilo hawakuwafundisha.

Yeye pia anataka kuwa marraine wangu; nikiingiza watu wengi, anasema, kampuni itanipa pikipiki. Na ukiingia kwao, kwingine marufuku. Kwa wifi ni hivyo hivyo. Kama makanisa. Tofauti ni kwamba mchungaji hajawahi kuniahidi pikipiki.

Ijumaa, tarehe 11

Wamekutana barazani kwangu. Salamu baridi, ya ncha za vidole. Wifi kautazama ule mzigo wa sufuria akauliza kama kuna harusi. Gentille kautazama mkoba akauliza kama kuna mgonjwa. Mimi katikati nakaanga mandazi na kukohoa.

Baadaye kila mmoja kanivuta pembeni. Wifi kasema damu ni damu: nikienda kwa Gentille atajua niliolewa na Casimir tu, kwao sikuolewa. Gentille kauliza nani ananichotea maji tangu kifua kianze. Ni yeye. Kila asubuhi, bila kuombwa.

Basi ndivyo ilivyo. Nikichagua chai nampoteza jirani. Nikichagua sufuria nampoteza wifi. Nikikataa vyote naupoteza uhai polepole mbele ya karai. Hakuna hata mmoja kati ya wale wawili ninayeweza kukaa bila yeye, na wote wawili wananiudhi kupita kiasi.

Jumapili, tarehe 13

Nimepata akili! Wakati wa mahubiri, ndiyo, Mungu anisamehe. Wote wawili waje kwangu Jumatano, kila mmoja aonyeshe mali yake mbele ya bamama wa kwaya. Itakayopendwa zaidi ndiyo nitakayoingia. Hapo si mimi niliyechagua. Ni watu.

Baada ya ibada nikaenda kwa Papa Raphaël, shemasi anayetunza viti vya kanisa. Kikohozi kilinishika hapo hapo mlangoni, machozi yakanitoka. Nikasema naomba viti, nyumbani watakuja watu. Hakuuliza neno. Kanipa viti vyote, kaniongezea shitingi, turubai kubwa la kuzuia jua, na malipo kakataa. Papa Raphaël! Aliyemlipisha hadi mchungaji viti vya harusi ya binti yake! Nimerudi nyumbani nikajitazama kwenye kioo. Kumbe uso bado unafanya kazi.

Jumatano, tarehe 16

Naandika chumbani, mlango nimeufunga. Nje wanalia. Wanamlilia mume wangu.

Nianze wapi? Asubuhi nilitoa vyombo vyote vya saluni, chumba cha wageni — meza, kabati, makochi — nikavipanga ukutani nje ili watu wapate pa kukaa. Nikafunga shitingi uani. Nikapanga viti vya kanisa. Nikawasha moto kwa ajili ya sufuria ya Gentille, moshi ukanijaa machoni, nikatoka mlangoni nikijipangusa na kitenge.

Vyombo nje. Shitingi juu. Viti vya kanisa. Mwanamke macho mekundu, mume yuko kwenye mashimo. Nani hapa Baraka anahitaji kuelezwa kwamba kuna msiba? Na mimi ni mzaliwa wa hapa! Nimekaa chini kwenye vilio vya watu tangu sijaota meno ya pili. Nilichoka sana, au ni hiyo pikipiki ya Gentille ilinipofusha, sijui. Sasa naelewa kwa nini Papa Raphaël hakutaka malipo. Viti vya kilio havilipiwi.

Wa kwanza alikuwa Mama Anastasie, mzee wa nyumba ya mbele. Aliweka kikapu chini, akashika kichwa, akaita Casimir kwa sauti ambayo nadhani ilifika Nundu. Kisha wakaja wote. Na unga, na makala ya kupikia, na samaki wa ndagala. Kila nikifungua mdomo nieleze, mtu ananikumbatia na kuuziba mdomo wangu kwa bega lake. Nikikohoa, wanasema muacheni alie.

Wifi alifika na mkoba wake, tayari kwa maonyesho. Akakuta uwanja mzima unamlilia kaka yake. Alianguka kama alivyosimama. Gentille alikuwa nyuma yake na sufuria kichwani; kaitua, kakaa mavumbini, kamvuta wifi mapajani mwake. Wakalia wote wawili kwenye kitenge kimoja.

Nikapanda juu ya kiti. Nikapiga kelele: hajafa! Ni sufuria! Ni maonyesho ya sufuria na chai!

"Masikini," mtu akasema, "imemupanda kwenye kichwa."

Nilirudia mpaka sauti ikakauka. Hatimaye Mama Anastasie akawauliza wenzake nani aliyeleta habari ya kifo. Wakatazamana. Hakuna aliyeleta. Kila mmoja aliona viti. Nikadhani sasa watacheka, na mimi nicheke, tuanze na chai.

"Basi iko wapi?" Mama Anastasie akaniuliza. "Kama hakufa, bwana yako iko wapi?"

Wifi akapiga namba ya Casimir mbele ya wote. Imezimwa. Akapiga tena. Imezimwa. Hakuna aliyeondoka.

Naogopa. Nimeandika mizaha humu siku zote hizi na ukweli ni kwamba naogopa.

Alhamisi, tarehe 17

Mama mkwe kafika kwa boti kutoka Ubwari, kavaa kitenge nje ndani kama mfiwa. Kilio kilivuka ziwa, marekebisho yalibaki ng'ambo hii. Nilimpokea ufukweni nikamweleza yote: chai, sufuria, viti. Kasikiliza mpaka mwisho. Kaniuliza kama nilisoma shule. Nikasema ndiyo. Kasema haionekani.

Nikataka kurudisha viti. Kakataa.

"Batu balishamulilia mutoto yangu na iko muzima," akasema. "Ile shitingi hatuiondoshe. Ataiondosha Casimir mwenyewe, na mikono yake."

Tukiiondoa sisi, anasema, tutakuwa tumekimaliza kilio kwa niaba yake, kama vile amekufa kweli. Kwa hiyo tunakaa. Tumemtuma Fabien, motari wa pikipiki, aende Misisi akamtafute.

Watu wanakuja, watu wanataka kula. Maharagi yanachemka kwenye sufuria ya Gentille. Kweli yanaiva upesi, kweli moshi ni kidogo. Bamama wawili wameshauliza wataipata wapi. Gentille kajibu kwamba kwenye kilio si mahali pa kuuzia, akageuka kukoroga. Sikuamini masikio yangu.

Upande wa chai mambo yalikwenda vingine. Majani ya kawaida yalikwisha, wifi kwa moyo mweupe akafungua pakiti zake zote, akachemsha, akawapa watu. Mchungaji akaomba kikombe cha pili. Katikati ya maombi akaondoka haraka bila kusema amina. Akafuatwa na shemasi. Akafuatwa na alto wote wa kwaya. Choo chetu hakijawahi kuona ibada kama ile. Mama mkwe peke yake hakutikisika. Anasema tumbo la mtu wa Ubwari halipangiwi kazi.

Wifi alitaka kulia kwa aibu. Gentille ndiye aliyeanza kucheka, akamshika bega, wakacheka wakiwa wameinama juu ya sufuria hadi machozi. Jioni waliosha vyombo pamoja. Mimi wamenikataza hata kukaribia jiko. Mfiwa hapiki, wanasema, hata kama hajafiwa. Leo sijakohoa. Nimegundua sasa hivi, ninavyoandika.

Jumamosi, tarehe 19

Yuko hai!

Fabien karudi, vumbi mpaka kwenye kope. Kamwona kwa macho yake. Casimir ni mzima, tena kanenepa. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia peke yangu, kilio cha kweli, cha kwanza tangu viti vifike. Nilimshukuru Mungu bila mzaha wowote.

Kisha nikarudi kusikiliza yaliyobaki, na hasira ikapanda taratibu. Shimoni hashuki tena, tangu mwezi wa saba. Simu aliiuza. Anavaa tai. Tai, Misisi! Fabien anasema anafanya kazi nyingine sasa, kazi ya kukaa na kuongea. Kazi gani? Fabien kajikuna. Anasema Casimir alimkalisha chini, akamweleza vizuri sana, hata yeye Fabien alielewa palepale. Sasa hivi ameshasahau ni nini. Lakini amejiandikisha.

Wifi kanitazama. Gentille kanitazama.

Kesho anakuja.

Jumapili, tarehe 20

Naandika haraka. Nimeingia kumchukua Bienfait aliyeamka kwa kelele.

Kafika. Tulikuwa wote chini ya shitingi, hakuna kiti kitupu, watu wametoka kanisani moja kwa moja kuja kumwona aliyefufuka. Pikipiki ikasimama. Akashuka na tai yake, na nyuma karatoni kubwa imefungwa kwa mpira. Mama mkwe kapiga vigelegele mpaka akakosa pumzi. Bamama wakamshika mikono, mabega, masikio, wahakikishe. Na mimi nilimshika tai, sifichi. Ni mume wangu na ninampenda, mjinga yule.

Mama mkwe kamweleza kila kitu, kisha kamwonyesha kamba za shitingi. Azifungue, kilio kiishe, watu waende.

Casimir kazitazama kamba. Kisha kawatazama watu, mstari wa mbele, mstari wa katikati, mpaka wale wa nyuma kabisa, wote wamekaa, wote wanamtazama yeye. Akatabasamu. Tabasamu lile nalijua. Liliingia kwangu na mkoba, likaingia na sufuria.

"Mama, ngoja kwanza," akasema, na huku anafungua mpira wa karatoni. "Acha batu bakae."

Nilipoingia kwa mtoto nikamsikia anauliza niko wapi. Anataka nianze mimi kujiandikisha chini yake, halafu dada yake, halafu jirani.

Nasikia ananiita. Wifi na Gentille wamenifuata mpaka hapa, wamesimama mlangoni mwa chumba, mmoja huku mmoja kule. Gentille ameshika mwiko. Wananingoja niseme ndiyo au hapana.