Injini ya Kiilu

Muthangari,
Jumapili, baada ya kanisa.

Kaka Kiilu,

Natumai baridi ya huko haijakumaliza. Gari lako ni zima. Kila Jumamosi naliwasha, nalisogeza mbele na nyuma hapa uani ili tairi zisibonyee upande mmoja, kisha nalifunika. Panya walikuwa wametafuna waya wa taa, fundi ameshabadilisha. Kila ukipiga simu unauliza betri. Leo nakuandikia habari za Mama.

Tangu macho yake yaharibike, akisikia injini hudhani ni wewe umefika. Huacha chai yake mezani, akaja akipapasa ukuta mpaka mlangoni, akiita jina lako. Mwanzoni nilikuwa namwambia, "Mama, ni mimi tu, Kaindi." Siku hizi nanyamaza. Nazima gari, namshika mkono, tunarudi ndani.

Jana niliwasha, hakutoka. Nilimkuta kitandani, uso ameuelekeza mlangoni.

"Mwambie aingie yeye," akasema. "Mimi miguu imekataa."

Nilisimama pale, funguo zako mkononi.

Basi, kaka, nimekwambia.

Dada yako,
Kaindi