Jani la Isale kwa Kosa Nisilofanya

Njiro, Arusha, 9 Novemba 2024. Ni mwezi wa tatu tangu niondoke kwangu Rombo.

Mshauri, salamu. Mimi ni fundi wa kuta za mawe, mgongo umechoka na shule niliishia darasa la tano, kwa hiyo nitasema wazi tu. Mwaka jana walinikuta na saratani ya tezi dume, wakaitoa yote, na vipimo vya juzi ni safi, namshukuru Mungu, nguvu nazo zikarudi polepole, basi nilipokuwa nyumbani mwezi wa nane nikalala na mke wangu Kandida kwa mara ya kwanza tangu upasuaji, raha nikaisikia kama zamani lakini hakikutoka kitu, hata tone, naye akagundua, akasema taratibu kwa mfano wa pombe yetu ya ndizi, "Baba Derick, mbege umeimalizia Arusha, mimi unaniletea machicha." Nilinyamaza kwa sababu hata mwenyewe sikujua nimepatwa na nini, nikaona nimemkosea kwa kumletea mwili mbovu, asubuhi nikachuma jani la isale, lile ambalo kwetu Wachaga ukimpa mtu umemwomba msamaha na hawezi kukataa, nikampa. Akalipokea. Akasema amenisamehe, ila nimtaje huyo mwanamke. Mwanamke hayupo, mshauri, na jani limekuwa ushahidi. Je, saratani imerudi? Nimwambie nini? Narudi Rombo tarehe ishirini na mbili Desemba.

Baba Derick

Shikamoo Baba Derick, na nikishakuamkia naomba nikugombeze kidogo. Kwanza shusha pumzi: kukauka huko si dalili ya saratani kurudi. Karibu maji yote ya manii hutengenezwa na tezi dume na vifuko vilivyo nyuma yake. Vikitolewa na mirija ya mbegu ikikatwa, hakuna cha kutoka tena. Raha hubaki, kama ulivyoisikia. Mtoto tu ndiye hutampata kwa njia hiyo.

Hospitali walipaswa kukueleza haya mapema, nawe ulipaswa kuuliza, mkeo akiwa pembeni. Lakini isale! Umempa mwanamke jani la kuomba msamaha halafu ukafunga mdomo, ulitaka aelewe nini? Hata mimi ningeuliza jina.

Usingoje Desemba, mpigie simu leo umsomee jibu hili. Ukifika, nenda naye kliniki, aulize maswali yake yote nawe umekaa hapo hapo. Kabla ya kukutana kimwili pata haja ndogo, maana mkojo kidogo unaweza kuchuruzika. Ukiona damu au maumivu, mwone daktari.

Na akidai tena jina la aliyeimaliza mbege yake, mtajie: ni tezi dume, na haipo tena.