Kisu cha Mkono wa Kushoto

6 Februari

Mwanangu,

Hujambo huko uliko? Mimi sijambo, ila tumbo langu linalalamika. Tangu mama yako atutoke, huu ni mwaka wa pili, nimekula mkate na chai mpaka mwenye duka ameacha kuniuliza nataka nini. Sasa nimeamua kupika. Usicheke. Mtu aliyeshona suti za maharusi miaka arobaini hawezi kushindwa na kitunguu.

Shida ni kisu. Kile cha mama yako kimenolewa hadi kimebaki wembamba wa utepe. Jana nilikata nyanya, ikapasuka, ikanirukia kifuani. Nimekwenda dukani nikaonyeshwa sanduku la visu kumi na viwili, mipini ya kila rangi, bei ya kutamanisha, na muuzaji anasema hiyo ni bahati yangu. Nikakumbuka kwamba nina binti anayeshika visu kutwa katika jiko la hoteli. Niambie, mama, ninunue kipi kilicho kizuri na kisichonitoa roho kwa bei?

Usijisumbue kufikiria kuja. Najua kazi zenu hazina likizo. Nijibu tu.

Baba yako

*

21 Februari

Baba,

Shikamoo. Mimi mzima, miguu tu ndiyo inawaka kwa kusimama. Barua yako nimeisomea kando ya karai la viazi, nikacheka mpaka mkuu wa jiko akaja kuona kuna nini.

Lile sanduku liache huko huko. Katika visu kumi na viwili utatumia viwili, vilivyobaki vitakaa kwenye droo vikiota kutu. Nunua kikubwa kimoja, bapa lake liwe na urefu wa shibiri yako, na kidogo cha kumenyea. Ukiona mkate unakusumbua, ongeza cha meno. Basi.

Usinunue kabla hujakishika. Angalia chuma kipite ndani ya mpini mpaka mwisho. Kile ambacho chuma chake kimechomekwa kidogo tu kwa gundi kitakuachia mpini mkononi. Kishike pale bapa linapokutana na mpini, uone kama kinatulia au kinainamia mbele kama mlevi. Kung'aa kusikudanganye. Kisu cha bei ya kati kinachonolewa kila wiki kinakishinda cha bei kali ambacho hakijawahi kuona kinoo. Na ukatie juu ya ubao wa mti, si kioo, kioo kinaua makali.

Jana nimekata vitunguu gunia zima. Hapa kila mtu hulia machozi kwenye vitunguu na hakuna anayemuuliza mwenzake analia nini. Mwaka ule wa mama, waliponinyima ruhusa ya kuja kumzika, niliomba nipangiwe vitunguu wiki nzima. Sikuwahi kukwambia.

Binti yako

*

15 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Nimenunua! Nilivishika visu vyote dukani, kimoja kimoja, nikivipapasa kama vitambaa, mpaka muuzaji akasema, "Mzee, unanunua au unaposa?" Nikamwambia, "Naposa, na huyu wa kwako wa mpini mwekundu ana tabia mbaya." Nikachukua kikubwa chenye mpini mweusi na mdogo wake. Bei ya viwili haikufika nusu ya lile sanduku.

Sasa nyanya inakatika kimya. Nimepika mchuzi wa nyama, nikamwita jirani yetu seremala. Alikula, akanywa maji bilauri tatu, akasema chumvi ilikuwa na mchuzi ndani yake. Lakini sahani aliimaliza.

Kuna jambo moja. Kitunguu kilipoanza kuiva, harufu ya nyumba yetu ilirudi, ile ya zamani, wewe ukiwa na sare ya shule. Nikageuka niseme neno. Hakukuwa na mtu. Nikaendelea kukoroga.

Mwakani utakuwa mwaka wa tisa tangu uondoke. Nataja tu, wala sikulaumu.

Baba yako

*

2 Aprili

Baba,

Shikamoo. Mwambie seremala nimemsamehe kwa niaba yako. Chumvi weka mwisho, kidogo, uonje, kisha uongeze.

Umenitia njaa ya ajabu. Hapa napika vyakula vya watu mia mbili, halafu narudi chumbani kwangu nakula kwa kijiko nimesimama. Chumba kina dirisha moja linalotazama ukuta. Siku nyingine nauambia ule ukuta habari zako.

Niandikie unachopika kila wiki, hata kama kimeungua.

Binti yako

*

20 Mei

Baba,

Shikamoo. Sijapata barua yako tangu Machi. Nimejiambia labda posta, labda umepata kazi ya sare za shule na huna nafasi. Simu yako inaita mpaka inachoka. Mstari mmoja tu unanitosha. Andika "nipo" na uweke stempu.

Binti yako

*

11 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Nipo. Simu iliharibika. Samahani kwa mwandiko, kalamu hii mbovu.

Nina swali la kisu. Mkasi wa fundi una upande wake, ukiushika kwa kushoto unatafuna kitambaa badala ya kukikata. Je, kisu nacho kina upande? Kuna mtu ananiuliza.

Baba

*

24 Juni

Baba,

Mtu gani?

Hii barua yako ina mistari saba na kila mstari umeanguka upande wake. Wewe ndiwe uliyenifundisha kuandika kwa kupiga mstari wa chaki kama unaochora juu ya kitambaa. Kalamu haifanyi hivyo. Mkono wako wa kulia una nini?

Nitakujibu swali, kwa sababu huyo mtu anakula au analala njaa, sijui. Kisu kile kikubwa kimenolewa pande zote mbili, hakijali mkono. Cha meno ndicho huwa na upande, akiache. Atandike kitambaa kibichi chini ya ubao usiteleze. Na amwombe seremala apigilie misumari miwili safi isiyoshika kutu ipenye ubao, ncha zitazame juu. Kitunguu akichome pale, kitakaa chenyewe, naye akate kwa mkono alio nao. Akimaliza afunike ncha zile kwa kizibo. Asikimbie. Vidole vya kushoto ni wanafunzi, vinahitaji miezi.

Mwambie pia huyo mtu kwamba binti yake si mjinga. Nimeshaandika barua ya kuomba ruhusa.

Binti yako

*

9 Julai

Mwanangu mpendwa,

Marahaba, mama. Nimekamatwa.

Ilikuwa tarehe sita Aprili, asubuhi. Nilikuwa nakata koti la mteja. Mkasi ukaanguka. Nikautazama pale sakafuni, nikauambia mkono wangu uuokote. Haukunisikia. Nikafikiri umechoka, nikausubiri kama mtu anayemsubiri mwanafunzi mvivu. Nilipotaka kumwita seremala, mdomo nao ukaenda upande. Alinikuta nimekaa chini. Alinibeba mgongoni mpaka barabarani, mtu wa umri wake! Daktari alisema kiharusi. Mdomo umerudi, mguu unaburuta kidogo, mkono bado umelala.

Cherehani nimeifunika shuka. Sikukwambia kwa sababu ulishalilia vitunguu wiki nzima kwa ajili ya mama yako, na mimi sikutaka kukuongezea wiki ya pili.

Ubao wa misumari umetengenezwa. Jana nilikata kitunguu kimoja peke yangu. Kilinichukua muda wa kukata suruali nzima, na vipande vilikuwa kila kimoja na baba yake. Seremala alipiga makofi. Mimi niliingia chumbani kwanza kufuta macho.

Sasa nisikilize. Usije kuniuguza. Ulihangaika miaka yote hiyo kufika hapo ulipo, na labda nafasi ya mkuu wa jiko inakukaribia. Nakukataza kuja. Nimeandika neno hilo mara tatu na nikalifuta mara tatu, kwa sababu kila nikisema usije, naogopa utanitii.

Baba yako

*

3 Agosti, mezani jikoni

Baba,

Shikamoo. Nimefika saa nne asubuhi hii. Seremala amenifungulia mlango. Anasema uko kliniki kwenye mazoezi, unakwenda kwa miguu na fimbo, na huwa unarudi saa sita, nami nikae nikungoje, nipumzike na safari.

Nimekaa dakika tano. Nimeshindwa, Baba. Nakufuata.

Begi langu liko nyuma ya mlango, angalia usijikwae. Tukipishana njiani, usitoke tena kunitafuta, kaa kwenye kiti hiki hiki, nitarudi. Sijui unatembeaje sasa, naogopa naweza kukupita nisikutambue. Basi wewe ndiwe unitazamie. Ukiona mwanamke mtu mzima anakimbia barabarani mchana kweupe, viatu mkononi, usimcheke. Mwite.

Binti yako