Baba, Ulikuwa na Kiu

Baba,

Wiki ya sita sasa tangu tukuzike, na mimi bado naumwa kila siku. Leo ni moyo. Juzi zilikuwa figo. Ungenicheka. Ulizoea kuniuliza, "Leo redio imekupa ugonjwa gani?" Na kweli, kipindi cha afya kikiisha tu, mimi huyo, mguu na njia hadi zahanati. Mganga wa pale amenichoka. Ananiambia, Imelda, una miaka ishirini na mitatu, nenda ukalime.

Wewe ulikwenda porini Ugalla kukagua mizinga ya nyuki magoti yamevimba, ukasema ni uzee tu. Nikajua huogopi kitu. Nilikuonea wivu, baba. Hata ulipolala kitandani huwezi kuinuka, niliona mzee mkaidi tu, anayekataa maji. Nakuletea kikombe, unalowesha midomo, unanirudishia, unasema huna kiu. Siku nyingine nilikununia.

Jana baba mdogo alikuja kuchukua mizinga yako, akashindwa kunyamaza. Akasema kiu ulikuwa nayo, mpaka ulimi unakauka. Ila ukinywa utataka kwenda chooni, na wa kukushika ni mimi peke yangu. Mama alishatutangulia, kaka yuko Karema anavua samaki. Ulimwambia, "Kufa siogopi. Naogopa binti yangu kunivua nguo."

Sielewi. Mimi kikohozi kidogo naona kaburi, nikisema sijaishi bado. Wewe kaburi hukulijali, ukaogopa choo. Na mimi nilikuwa nakaa hapo hapo kitandani kwako nakusimulia mapigo ya moyo wangu! Nilimkasirikia baba mdogo kwa kuficha, kisha akalia, sasa sijui nimkasirikie nani. Nimekutana na mganga njiani, nikamuuliza kama kiu ndiyo iliyokuua. Akasema ulikuwa mgonjwa tayari. Lakini hakuniangalia usoni.

Saa nyingine nasema ningemwita jirani, yule mzee wa nyumba ya pili, angekushika, yaishe. Saa nyingine nasema hata jirani ungemkataa. Nachanganyikiwa, baba, kichwa kinauma, na safari hii sijaenda zahanati.

Pumzika. Salimia mama. Nakuahidi, mzee yeyote atakayelala ndani ya nyumba yangu, sitamuuliza tu anaumwa wapi. Nitamuuliza anaogopa nini, na nitakaa mpaka aseme.

Ningekushika, baba. Ningeona aibu, wewe ungeona aibu zaidi, tungegeuza nyuso pembeni. Nadhani ningekushika.

Mwanao,
Imelda