Bangili ya Mzee Gurcharan

Moshi, 12 Februari 1994

Mwanangu Teji,
Hujambo huko Uingereza na baridi yake? Sisi wa karakana wazima, ila pengo la baba yako halisemeki. Tulimchoma Jumanne. Mimi, fundi wake wa miaka thelathini, niliwasaidia wazee wa hekalu lenu kumwosha. Kitana chake cha mti tulikichomeka nyweleni, kaptula tukamvika, kisu kidogo tukakilaza kiunoni. Bangili ya chuma niliivua mwenyewe, na wazee walipoitafuta nilinyamaza. Kwetu Machame mtoto wa kwanza huachiwa kitu cha baba yake. Ipokee humu.
Baba yako mdogo, Eliamini

Leicester, 9 Machi 1994

Baba mdogo, shikamoo.
Mama Bernadetha anaendeleaje na magoti? Mimi sijambo mwili tu.
Umefanya nini, jamani! Ile si pambo. Nywele zisizokatwa, kitana, bangili, kaptula, kisu: Singasinga aliyeapa huvaa vyote vitano na huchomwa navyo. Baba hakuivua hata akichomelea mageti. Umemwacha aende pungufu!
Mwanao, Teji

Moshi, 4 Aprili 1994

Teji,
Marahaba, na ukali wako nimeupokea. Nisamehe. Mtu mzima nimelia mbele ya mashine ya kukerezea. Nimekiri kwa wazee, wakanipa chai. Wanasema majivu bado yako hekaluni, yanakusubiri uyamwage mtoni. Ilete bangili iende nayo. Najua wewe na baba yako hamkuandikiana miaka kumi na mmoja, tangu ulipokata nywele. Njoo hivyo hivyo.
Baba yako mdogo, Eliamini

Leicester, 20 Agosti 1994

Baba mdogo, shikamoo.
Nilifika salama, kahawa ya mama imeshaisha. Pale mtoni Weruweru nilipochelewa kuiachia bangili, ulidhani nasali. Nilikuwa nimeivaa. Ilinienea kabisa! Nilikukaripia wewe, kumbe hasira ilikuwa juu yangu mwenyewe: bangili yangu niliitupa mwaka ule wa nywele. Sasa nywele zimefika masikioni, zinawasha balaa. Nitengenezee nyingine kwa chuma cha karakana. Kipimo unakijua, ni mkono wa baba.
Mwanao, Teji

Moshi, 1 Oktoba 1994

Mwanangu Teji,
Marahaba. Bernadetha anakusalimu, magoti ni yale yale. Bangili hiyo, nimeisugua siku mbili. Ile ulimrudishia mwenyewe, ulifanya vyema. Hii ni yako. Waambie wanao kwamba siku yako ikifika, na iwe mbali sana, fundi yeyote wa Machame asisogee karibu na mkono wako.
Baba yako mdogo, Eliamini